PDF imeingia vibaya kwenye kurasa zako? Anza na dalili unayoiona

Kwenye stesheneri na ofisi za dizaini hapa Dar es Salaam, kuanzia Kariakoo hadi Sinza na Mwenge, kazi nyingi zinafika kwa WhatsApp zikiwa tayari PDF. Ripoti ya SACCOS, kitabu cha kwaya, kalenda ya kanisa, kadi ya harusi ya mwaka jana inayotakiwa kubadilishwa majina. Mteja anakwambia, "Kaka, kila kitu kimo humo, wewe panga tu tukachape." Unafungua faili unaona kila kitu kimekaa sawa. Ukiiingiza kwenye programu ya kupanga kurasa kama InDesign, Scribus, Affinity Publisher au CorelDRAW, mistari inavunjika, herufi zinapotea na nyeusi inatoka na rangi.

Adobe walitoa PDF mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vilevile kwenye kompyuta yoyote na kwenye printa yoyote. Kazi hiyo inaifanya vizuri sana. Lakini ndani ya faili ya kawaida huwa hakuna aya, hakuna kichwa cha habari, hakuna jedwali. Kuna maagizo tu: chukua fonti hii, saizi hii, weka herufi hizi mahali hapa, kisha sogea kulia kiasi hiki. Mahali hapo panapimwa kwa pointi, 72 kwa kila inchi. Hata nafasi kati ya neno na neno wakati mwingine haijaandikwa. Ni pengo tu lililoachwa. Zipo PDF zenye tegi zinazoeleza muundo wa maandishi, ila nyingi tunazoletewa mezani hazina.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, amua jambo moja: unataka ukurasa huo ubaki ulivyo, au unataka maneno yake uyapange upya? Tangazo, cheti au nembo inaingizwa kama picha na haiguswi. Kitabu au ripoti inayobadilishwa saizi na mwonekano inatolewa maneno, na sura ya zamani inaachwa. Matatizo mengi yafuatayo yanatokea pale mtu anapotaka vyote viwili kwa mpigo.

Na kabla ya hapo, uliza faili asilia. "Dada, aliyekuchapia hii alitumia Word? Naomba hiyo ya Word." Mara nyingi ipo kwenye barua pepe ya mtu fulani ofisini kwake. Simu moja ya namna hiyo inaweza kukuokolea usiku mzima.

Huwezi kugusa hata neno moja

Kwenye InDesign, ukitumia File kisha Place, PDF inaingia kama picha. Hiyo ni tabia ya amri yenyewe, wala programu yako haijaharibika. Scribus inafanya hivyohivyo ukiiweka kwenye fremu ya picha, na Affinity pia ukiacha PDF kwenye hali ya Passthrough, yaani ukurasa unapita ulivyo bila kuharirika.

Ukihitaji maneno yenyewe, tumia mlango mwingine. Affinity Publisher inafungua PDF moja kwa moja kwa File, Open. CorelDRAW inakuuliza wakati wa kuingiza kama maandishi yaje kama maandishi au kama maumbo; chagua maandishi. Scribus ina Import, Get Vector File. LibreOffice Draw inafungua PDF bure. Word nayo inafungua PDF tangu toleo la 2013, na kwa kitabu cha maneno matupu mara nyingi ndiyo inayokurudishia aya nzima vizuri kuliko hizo nyingine.

Publisher ya Microsoft haifungui PDF kabisa. Stesheneri nyingi zimeitegemea miaka na miaka, na Microsoft walitangaza kuwa hawataihudumia tena baada ya Oktoba 2026. Kama una makabati ya faili za .pub, zitoe sasa: kila kazi ihifadhi kama PDF, na maneno yake yahifadhi pembeni kwenye Word. Usibaki na PDF peke yake, maana utakuja kuwa mteja wa makala haya kwa kazi zako mwenyewe.

Mteja akitaka kubadilisha tarehe tu kwenye tangazo lililokamilika, usivunje ukurasa mzima. Ingiza PDF kama picha, funika tarehe ya zamani kwa kisanduku chenye rangi ileile ya nyuma, andika mpya juu. Kwa kuchapa inatosha. Kwa faili itakayosambazwa kwenye simu haitoshi, kwa sababu tarehe au bei ya zamani bado imo chini ya kisanduku na mtu akitafuta au akinakili ataikuta.

Kila mstari umegeuka aya

Hii ndiyo inayokula muda wa watu wengi. Umenakili sura nzima, umeibandika kwenye fremu, na maneno yanaishia katikati ya ukurasa kama ngazi. Kila mwisho wa mstari wa zamani umekuja na alama ya mwisho wa aya. Ukipanua fremu hakuna kinachosogea.

Wengi wanaanza kufuta kwa mkono, mstari mmoja mmoja. Usifanye hivyo kwa kitabu cha kurasa 120. Peleka maneno kwenye Word, fungua Find and Replace, na ufuate mpangilio huu bila kuruka hatua.

Anza na vistari vya kukatia maneno. Tafuta -^p (kwenye Word ^p ni alama ya mwisho wa aya) na ubadilishe kwa kuacha mahali pa kubadilisha patupu. Hivyo "mwana-" iliyo mwisho wa mstari na "funzi" iliyo mwanzo wa unaofuata vinaungana kuwa "mwanafunzi". Ukianza na kuunganisha mistari utabaki na "mwana- funzi" katikati ya sentensi, na kompyuta haitakuonyesha zote. Usifute vistari vyote kwa pamoja, maana utaondoa na vile vya haki, kama 2015-2020 kwenye ripoti.

Kisha linda aya za kweli. Kama kati ya aya na aya kuna mstari mtupu, tafuta ^p^p na uweke alama ambayo haimo popote kwenye kitabu, kwa mfano @@@. Sasa tafuta ^p zilizobaki, weka nafasi moja. Halafu rudisha @@@ kuwa ^p. Malizia kwa kutafuta nafasi mbili na kuweka moja, ukirudia mpaka programu iseme hakuna tena.

Kama hakuna mistari mitupu, njia hiyo itameza kitabu kizima kuwa aya moja. Hapo tumia GREP ya InDesign, utafutaji unaofuata ruwaza badala ya neno kamili. Tafuta (?<=[\l,;])\r(?=\l) na ubadilishe kwa nafasi moja. Maana yake: unganisha pale tu mstari unapoishia kwa herufi ndogo, mkato au nuktamkato, na unaofuata unaanza kwa herufi ndogo. Mistari inayofuatwa na jina, kama "alihamia" kisha "Zanzibar", itabaki imekatika. Hiyo ipitie kwa macho. Ni michache, na ni salama kuliko kuunganisha kichwa cha habari na aya yake.

Namba za kurasa nazo hujipenyeza: sentensi inakwenda, inakatika, inakuja 47 peke yake, pamoja na jina la kitabu lililokuwa juu ya ukurasa, kisha sentensi inaendelea. Ziondoe kabla ya kuunganisha mistari. Kwenye GREP, ^\d+\r inakamata kila mstari wenye namba tupu. Jina la kitabu litafute kama lilivyo.

Mashairi yaache. Kitabu kikiwa na tenzi au mashairi, kila mstari una haki yake, na amri hizi zitageuza ubeti kuwa sentensi moja ndefu. Toa mashairi kwanza, yaweke kwenye faili lake, ndipo ushughulikie maelezo. Vivyo hivyo tamthilia yenye majina ya wahusika pembeni, na vitabu vya nyimbo. Mshairi aliyehesabu mizani zake ana haki ya kukasirika ukimrudishia kitabu kilichobomolewa vina.

Jambo lingine linalopotea kimya hapa ni italiki. Ukibandika maneno bila mapambo, majina ya vitabu na maneno ya kigeni yaliyolazwa yanasimama yote. Weka PDF ya zamani upande mmoja wa skrini na uyarudishe ukipitia. Hakuna njia ya mkato ninayoiamini kwa hili.

Herufi zimepotea au zimekuwa takataka

Unasoma "a sa" badala ya "afisa", "ku ka" badala ya "kufika", "ha fu" badala ya "hafifu". Kwenye fonti nyingi f na i zikikutana huchorwa kama umbo moja. PDF nzuri ina jedwali linaloeleza kuwa umbo hilo ni herufi mbili, f na i. Faili ikitengenezwa na programu dhaifu, jedwali linakosekana, umbo linaonekana vizuri kwenye skrini lakini likinakiliwa halina jina. Jedwali likikosekana kwa fonti nzima, ukurasa wote unabandikwa kama alama zisizosomeka.

Kipimo chake ni cha nusu dakika na ninamsihi kila dizaina akifanye kabla ya kutaja bei: nakili aya moja ya PDF, ibandike kwenye Notepad, isome. Ikisomeka, endelea. Zikikosekana f na i peke yake, tafuta herufi zilizoachana na urudishe. Ikiwa takataka tupu, usipoteze muda kubadilisha programu. Zigeuze kurasa kuwa picha na uzisomeshe kama zilizoskaniwa, kama nitakavyoeleza mwishoni. Hiyo ni kazi ya ziada, na mteja aambiwe mapema.

Kwa Kiswahili kuna mtego wa ng'. Alama ile ya juu hupotea au hugeuka alama ya kuuliza, na "ng'ombe" ikawa "ngombe" au "ng?ombe". Tafuta ng na uangalie kila inapotokea kwenye majina ya watu na mahali, kama Mang'ula, kwa sababu kisahihisha tahajia hakijui majina. Maneno mengine kitakusaidia: LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili cha Tanzania. Iwashe, ipitishe kitabu kizima, kisha ndipo uingize kwenye programu ya kupanga kurasa.

Fonti imebadilika

Fungua PDF kwenye Acrobat Reader, nenda File, Properties, kisha Fonts. Ukiona jina limetanguliwa na herufi sita kubwa na alama ya kujumlisha, mfano ABCDEF+Calibri, ujue faili imebeba zile herufi zilizotumika tu, siyo fonti nzima. Inatosha kuonyesha na kuchapa. Haitoshi kuhariri. Bibi harusi wa kwenye kadi aliitwa Asha, sasa ni Zuhura, na Z haikuwahi kutumika kwenye kadi ile. Programu inaichukua kutoka fonti nyingine na jina linaonekana limeshonwa viraka.

Pata fonti yenyewe kihalali na uiweke kwenye kompyuta kabla ya kufungua PDF. Ukiikosa, badilisha fonti ya kadi nzima, usibadilishe jina peke yake. Kama orodha ya fonti ni tupu na ukurasa una maneno, maneno hayo yamegeuzwa maumbo au picha. Hapo ni kuchapa upya.

Picha zimefifia

Tenganisha mambo mawili. InDesign na Scribus huonyesha picha ya kukadiria ili kompyuta isizidiwe. Kwenye InDesign nenda View, Display Performance, High Quality Display. Ikikaa sawa, hapakuwa na tatizo.

Isipokaa sawa, picha yenyewe ni ndogo. Hesabu ni rahisi: kwa kuchapa kitabu au jarida tunalenga pikseli 300 kwa inchi. Picha yenye upana wa pikseli 600 ikichapwa kwa sentimita 5 inapata kama 305, ni safi. Ukiitandaza sentimita 15 inashuka hadi karibu 102, na uso wa mgeni rasmi utaonekana vigaevigae. Hakuna amri ya kurudisha pikseli zilizokwisha kutupwa.

Sababu ya kawaida ni PDF iliyohifadhiwa kwa chaguo la faili ndogo kabisa, ambalo hupunguza picha. Sababu nyingine ni mtu kupiga picha skrini badala ya kutoa picha. Kama una Poppler, zana za bure za PDF zinazoendeshwa kwa kuandika amri, kwenye kompyuta, amri pdfimages -all ripoti.pdf picha inazitoa picha zote kama zilivyohifadhiwa ndani, bila kuzipunguza tena. Na mteja anapokutumia picha kwa WhatsApp, mwambie atume kama dokumenti. Akituma kama picha, inabanwa njiani.

Maandishi meusi yanatoka na kivuli cha rangi

Hii inaonekana mashineni, pesa ikiwa imeshalipwa, ndiyo maana inaumiza. Kitabu ni cheusi tupu, lakini fundi anasema zinahitajika pleti nne, moja kwa kila rangi ya wino. Au kitabu kimechapwa na kila herufi ndogo ina kiwingu chekundu upande mmoja na cha buluu upande wa pili.

PDF ilitoka Word, na nyeusi ya Word ni ya skrini: nyekundu, kijani na buluu zote sifuri. Programu ikiibadilisha kwenda wino wa mashine haichukui wino mweusi pekee. Kwa mipangilio ya kawaida ya Photoshop, kwa mfano, nyeusi hiyo inakuwa sayani 75, majenta 68, njano 67 na nyeusi 90, jumla asilimia 300 ya wino. Herufi ya pointi 10 iliyochapwa na rangi nne inahitaji pleti nne zikae juu ya mstari uleule bila kupishana hata unywele, na karatasi ikisogea kidogo kiwingu kinatokea.

Kabla ya kupeleka, fungua InDesign, Window, Output, Separations Preview. Zima nyeusi peke yake. Maneno yakitoweka yote, uko salama. Yakibaki kama kivuli cha kahawia, simama hapo.

Dawa ya uhakika ni kutoa maneno na kuyapanga upya kwa rangi ya Black ya programu yako. Kama kitabu chote ni cheusi na huna muda, Ghostscript, programu ya bure inayoshughulikia PDF kwa kuandika amri, inaweza kukigeuza:

gs -o mpya.pdf -sDEVICE=pdfwrite -sColorConversionStrategy=Gray -dProcessColorModel=/DeviceGray zamani.pdf

Kwenye Windows anza na gswin64c badala ya gs. Picha za rangi nazo zitakuwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo toa kurasa za rangi kwanza. Kisha rudia ukaguzi uleule wa pleti kwenye faili mpya.

Ukurasa haulingani na karatasi

Pembeni kuna ukanda mweupe, au alama za kukatia zimeingia na ukurasa. PDF moja inaweza kubeba mipaka kadhaa: karatasi nzima, ukurasa uliokatwa, na ukurasa pamoja na ziada ya kukatia. Kwenye InDesign weka tiki kwenye Show Import Options unapoingiza, kisha kwenye Crop to chagua Trim kama unataka ukurasa uliokatwa, au Bleed kama rangi inafika ukingoni. Ziada inayotakiwa kwa kawaida ni milimita 3 kila upande. Kama PDF haikuwa nayo tangu mwanzo, hakuna chaguo litakaloiumba.

Ripoti za wafadhili kutoka Marekani mara nyingi ni saizi ya Letter, milimita 215.9 kwa 279.4, na karatasi yetu ni A4, 210 kwa 297. Ni pana zaidi na fupi zaidi. Usiinyooshe ili ijae. Ipunguze kwa uwiano, na ukubali nafasi itakayobaki juu na chini.

Umeingia ukurasa wa kwanza tu

Dirisha hilohilo la Show Import Options lina sehemu ya kurasa; chagua All, kisha bofya ukurasa baada ya ukurasa. Kwa PDF ndefu, InDesign inakuja na skripti ya PlaceMultipagePDF inayofanya kazi hiyo yenyewe.

Mistari myeupe myembamba imekatiza picha

Kuza na upunguze ukurasa. Mistari ikibadilika unene au kutoweka, mara nyingi ni ya skrini tu na haitachapika. Chanzo ni vivuli na vitu vinavyopenyeza mwanga vilivyokatwakatwa vipande faili ilipohifadhiwa kwa PDF 1.3 au PDF/X-1a, ambazo haziruhusu uwazi. Ukiweza, omba faili ihifadhiwe upya kama PDF/X-4, kwanza ukiulize kiwanda kama kinaipokea.

Asubuhi picha haipo

PDF iliyoingizwa haihamii ndani ya kazi yako. InDesign inakumbuka tu mahali ilipo. Uliiingiza kutoka kwenye flashi ya mteja, mteja ameondoka na flashi yake. Nakili kila kitu kwenye folda ya kazi kabla ya kuanza, na unapopeleka kiwandani tumia File, Package ili faili na viungo vyake visafiri pamoja.

PDF inadai nywila

Mwombe mwenye kazi. Mwenye haki ya hiyo faili atakupa au atakutumia isiyofungwa. Mitandao inayojitolea kuifungua inapokea nakala ya faili lako, na hujui mikataba au mishahara ya watu inaishia wapi.

Ni karatasi iliyopigwa picha

Ukijaribu kuteua neno unateua ukurasa mzima. Hakuna herufi humo, kuna picha ya herufi. Skani upya kwa pikseli 300 kwa inchi kama karatasi bado ipo. Picha ya simu iliyopinda kwenye kona itakuletea makosa kila mstari. Kisha tumia programu ya kusoma herufi. Tesseract ni ya bure na ina data ya Kiswahili, iite kwa swa:

tesseract ukurasa.png ukurasa -l swa

Ukiiacha kwenye Kiingereza italazimisha maneno yafanane na ya Kiingereza. Hata kwa Kiswahili, kagua rn na m, l na 1, o na 0, na majina yote ya watu. Tarehe na kiasi cha fedha vilinganishe na karatasi kwa kidole, tarakimu moja moja, watu wawili: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anatazama skrini.

Majedwali yashughulikie peke yake. Kama PDF ina herufi za kweli, programu ya bure ya Tabula inatoa jedwali na kulipeleka Excel, na amri ya Poppler, pdftotext -layout hesabu.pdf, inahifadhi nafasi za safu. Likiwa la kuskaniwa na lina safu zaidi ya nne, lichape upya kwenye Excel, jumlisha kila safu, na ulinganishe na jumla iliyoko kwenye karatasi kabla ya kuliingiza kwenye ukurasa.